Visoda Saba

Mwezi uliopita mvua ilipita dirishani nikiwa kazini, ikalowesha mto wangu wa kulalia. Ni mto wa zamani. Mama aliushona mwenyewe na kuujaza pamba ya shambani, enzi ambazo magodoro ya sponji tuliyaona kwa watu wenye uwezo. Niliporudi niliunyanyua ili niukamue, harufu ikanipanda puani. Pamba iliyolowa hainuki vibaya. Ina harufu ya uji uliopoa, na kwa ndani yake mafuta ya mbegu. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, mto mapajani, maji yakinichuruzika miguuni, nikingoja nijisikie kitu. Sikujisikia kitu. Nilipotazama saa nikaona nusu saa imepita, nikaenda kuuanika.

Baba yangu ana miezi minne kaburini. Watu wa Magu waliokuja msibani walisema binti wa Karani ana moyo mgumu, hakutoa chozi. Sikuwabishia. Kwa kuwa mimi ndiye mtoto wa kwanza, nilipewa sanduku lake la bati nije nalo huku Nyegezi, nikalisukuma chini ya kitanda bila kulifungua. Ule mto ndio ulionifanya nilivute. Lakini kabla ya sanduku sina budi kusimulia habari ya pamba na ya mizani yangu ya mifuniko ya makopo, la sivyo hamtaelewa jinsi daftari la mtoto wa darasa la tano linavyoweza kumkalisha mtu mzima sakafuni.

Tulikuwa tunaishi Igoma, upande wa barabara ya Magu. Ninyi mliokuwa watoto miaka ile mnakumbuka jinsi mambo yalivyogeuka. Jana kulikuwa na chama cha ushirika, ghala moja na bei moja. Leo kila mtu anasema soko huria, na malori ya rangi mbalimbali yanashindana kuwahi vijijini kununua pamba. Baba alikuwa karani wa mizani katika ushirika. Ushirika ulipokufa, ghala likafungwa kwa kufuli kubwa, naye akakaa nyumbani msimu mzima. Nakumbuka akifagia uwanja ambao mama alikwishaufagia. Kisha mnunuzi mmoja binafsi, Bwana Masalu, akafungua ghala si mbali na kwetu, akamchukua baba awe karani wake. Siku hiyo mama alipika wali bila kuwapo sikukuu yoyote.

Kazi ya baba ilikuwa kusimama kando ya mizani. Alipokea pamba kutoka kwa wakulima, akaipima, akaandika kitabuni, ikapangwa ghalani kusubiri lori la kuipeleka kiwandani kuchambuliwa mbegu. Kule kiwandani ilipimwa tena. Hakuna aliyemwita kwa jina lake. Hata wakwe zake walimwita Karani. Alikuwa na kalamu ya bluu mfukoni mwa shati, daima, hata akienda kuoga ziwani aliihamishia kwenye kofia. Alinifundisha jambo moja la kazi yake, na alilirudia mpaka likanichosha: karani hafuti. Akikosea namba, anaikata kwa mstari mmoja tu ulionyooka, ile ya zamani ibaki inasomeka, anaandika iliyo sahihi pembeni, kisha anaweka herufi zake mbili za jina ili ajulikane ni nani aliyerekebisha. Mimi nilikuwa na kifutio cha rangi ya waridi chenye harufu ya pipi, na nilifuta mpaka karatasi ikatoboka.

Shuleni tulikuwa na Mwalimu Devota. Alitoka Bukoba, mrefu, mwembamba, na alitembea kama anayechelewa feri. Alifundisha Sayansi katika shule isiyokuwa na kifaa chochote isipokuwa kabati lenye sumaku moja na kipimajoto kilichovunjika. Siku ya kwanza alifungua lile kabati, akatuonyesha, akalifunga. Akasema maabara yetu iko nyumbani kwetu, na kuanzia siku hiyo tutaitumia.

Hakuwa anatania. Tulifunika mshumaa kwa glasi tukauona unazimika. Tuliweka mfuniko baridi juu ya sufuria ya maji ya moto tukahesabu matone. Tulizamisha kikombe majini mdomo chini, kikiwa na karatasi ndani, na karatasi ikatoka kavu. Mambo hayo yalinishika vibaya sana. Nilikuwa mtoto wa kuambiwa, mtu mzima akisema nimekubali, na ghafla mtu mzima ananiambia nisimwamini mpaka nipime. Kazi za nyumbani zilikuwa nyingi, na kila moja ilipaswa kuwa na sahihi ya mzazi chini yake, kwa sababu Mwalimu alishagundua kwamba baadhi yetu tunatunga majibu njiani tukienda shule.

Kisha ikaja kazi kubwa. Alitufundisha kutengeneza mizani: ufito mmoja, kamba ya katani katikati, na mifuniko miwili ya makopo ya rangi ikining'inia kila upande. Mawe ya mizani yalikuwa vizibo vya soda, visoda kama tulivyoviita. Kila mtoto achague kitu kimoja cha nyumbani kwao, akipime kila siku kwa wiki nzima, aandike uzito wake kwa visoda. Na lazima kuwe na kitu cha kulinganisha nacho. Wengi walichagua sabuni, kipande kikavu na kipande cha bafuni. Binti mmoja ambaye mama yake aliuza dagaa sokoni Mwaloni alichagua dagaa, wabichi na wakavu, akanuka wiki nzima. Mimi sikuwaza mara mbili. Baba yangu alikuwa mtu wa mizani. Ningepima pamba.

Na nilikuwa na jambo la kulinganisha ambalo hakuna mwingine angekuwa nalo, kwa sababu nilijua siri ya kitaalamu ya ghalani. Nilikuwa nimepeleka chakula mchana mmoja, nikamkuta baba yuko peke yake ndani ya ghala, amekunja suruali, anachota maji kwenye pipa kwa kopo lenye matundu chini na kuyanyunyizia magunia yaliyofunguliwa midomo. Alishtuka aliponiona. Nilimwuliza anafanya nini. Aliweka kopo chini, akasema anaipoza pamba, maana ikikaa mrundo kwenye joto inaweza kushika moto. Niliona ni jambo la akili sana. Kesho yake lori likaja kuibeba. Tangu siku hiyo nilipolala nilimfikiria baba akizuia moto kwa kopo, na nilijisikia salama.

Mambo ya watu wazima niliyaelewa miaka mingi baadaye. Pamba ikinunuliwa asubuhi ina umande, na ikikaa ghalani wiki tatu za kiangazi inakauka na kupungua uzito. Enzi za ushirika upungufu ule ulijulikana na kusamehewa. Bwana Masalu hakuwa na habari ya kusamehe: kilo zilizoingia ndizo zitakazotoka, na zisipotoka karani ndiye mwizi. Kwa hiyo makarani wakairudishia pamba maji ambayo jua lilichukua. Wengine waliongeza zaidi kuliko jua lilivyochukua, na mchanga juu yake. Baba sijui aliongeza kiasi gani. Ninachojua ni kile nilichokipima, na kipimo changu kilihusu konzi mbili tu.

Konzi ya kwanza niliiomba kwa baba, nikamwambia ni ya kazi ya shule, akanipa bila kuinua kichwa kutoka kwenye kitabu chake. Konzi ya pili niliichukua mwenyewe kutoka kwenye gunia lililokwisha kupozwa. Nilizipunguza na kuziongeza mpaka zote mbili zikawa na uzito sawa, visoda arobaini na moja. Nilizianika kwenye ungo mmoja dirishani, nikaziwekea vibao vya karatasi. Kimoja kilisema Pamba isiyopozwa. Kingine kilisema Pamba iliyopozwa. Kila siku nikitoka shule nilipima. Ya kwanza ilibaki pale pale, siku ya mwisho ikapungua kisoda kimoja. Ya pili ilishuka siku baada ya siku, thelathini na tisa, thelathini na saba, mpaka ikakomea thelathini na nne. Niliandika jedwali kwa rula. Chini yake nikaandika kwamba pamba iliyopozwa imepungua visoda sita, na kwamba hii inaonyesha pamba ilikuwa na maji mengi ya kuilinda na moto. Nilijisikia mwanasayansi.

Jumapili hiyo, tuliporudi kanisani, niliweka daftari mezani mbele ya baba ili aweke sahihi, nikaenda kuteka maji. Foleni bombani ilikuwa ndefu. Niliporudi daftari lilikuwa limefungwa, limewekwa juu ya begi langu, na baba alikuwa ameinamia baiskeli anatia mnyororo grisi. Mkono wake ulikuwa na wino kidogo na grisi nyingi. Nilimwuliza kama ameshaweka sahihi. Akasema ameshaweka. Sikufungua kuangalia, maana sahihi yake niliijua, na niliamini kwamba ameiweka kama wazazi wote walivyokuwa wakiiweka, jicho huku, mkono kule.

Mwalimu Devota alifurahi kupita kiasi. Alinipa alama zote, akaandika Vema sana kwa wino mwekundu, akasema kwamba kazi yangu itaonyeshwa Siku ya Wazazi. Yeye mwenyewe alikaa akainakili kwenye karatasi ngumu ya manila, kwa kalamu nene nyeusi, jedwali na maelezo. Nilivimba kichwa. Mgeni rasmi alikuwa Bwana Masalu, kwa sababu alikuwa ametoa mabati ya madarasa mawili. Kwangu hilo lilikuwa jambo la kheri tupu. Tajiri wa baba angeona jinsi karani wake anavyoilinda pamba yake na moto, na binti wa karani anavyoweza kuthibitisha kwa mizani.

Asubuhi ya siku ile baba alipiga pasi sare yangu mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alipiga taratibu, akanyoosha kola mara mbili. Akaniuliza, bila kunitazama, "Ni lazima uende na hiyo ya pamba?"

Nikamwambia Mwalimu ndiye aliyeichagua.

"Basi," akasema, akanikabidhi sare ikiwa bado ina joto.

Kazi zetu zilipangwa kwenye madawati chini ya yale mabati mapya. Mizani yangu ilining'inia kwenye msumari, konzi mbili za pamba zikiwa kila moja kwenye sahani, na manila nyuma yake. Bwana Masalu alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye shati la mikono mifupi na kicheko cha karibu. Alisimama kwa kila mtoto. Alionja hata dagaa. Alipofika kwangu nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akainama kusoma manila. Alisoma kwa muda mrefu kuliko alivyosoma za wengine. Mimi nilitazama nyuma ya watu, nikamwona baba kati ya wazazi, shati jeupe, kalamu mfukoni.

"Hii pamba umeitoa wapi, binti?"

"Ghalani kwako, mzee."

Watu wakacheka. Naye akacheka kidogo. "Na kupoza ndiyo kufanyaje?"

Nikamweleza vizuri, kwa sauti ya kukariri niliyofundishwa: pipa la maji, kopo lenye matundu, magunia yaliyofunguliwa midomo, siku moja kabla lori halijaja. Nilisema ni baba anayeipoza, isishike moto.

"Siku moja kabla ya lori," akarudia.

"Ndiyo. Ikikauka inapungua visoda sita."

Akaweka kidole kwenye manila. "Hapa pameandikwa saba."

Nilitazama. Kweli, palikuwa na saba, nene na nyeusi. Nilidhani Mwalimu amenirekebisha alipokuwa akinakili, nikaona aibu, nikasema labda ni sita. Bwana Masalu akatikisa kichwa. "Arobaini na moja ukitoa thelathini na nne ni saba. Aliyeandika hapa anajua hesabu."

Mwalimu Devota alikuwa amesimama kando yangu. Nilimwona anatazama uso wa yule mgeni, kisha manila, kisha konzi ya pamba, na mkono wake ukanyooka kama anataka kuigeuza ile karatasi ukutani. Hakuigeuza. Nami nikatazama tena nyuma kumtafuta baba. Aliniitikia kwa kichwa, mara moja, kama unavyomwitikia mtu aliyesema kweli sokoni. Nilielewa kwamba amefurahi. Bwana Masalu akanishika bega, akanipa zawadi ya kwanza, mkebe wa hisabati wenye bikari na rula ndogo. Nililala nao.

Jumatatu baba alikwenda kazini na kurudi kabla ya saa sita. Aliegemeza baiskeli ukutani, akavua shati jeupe, akavaa la kazi, akaanza kuziba banda la kuku. Mama alimwuliza kulikoni. Akasema wamepata mtu mwingine. Mama alisimama pale na mwiko wake mkononi, akanitazama mimi, na nikaona kwamba anajua kitu ambacho mimi sikijui. Siku ya pili shuleni binti wa dagaa akanieleza mbele ya wenzetu, wala hakuwa na nia mbaya, kwamba baba yangu kamwaga unga kwa mdomo wangu, kwa kuwa kuipoza pamba ni kuiba uzito na kila mtu Igoma anajua hilo isipokuwa mimi.

Sikulia. Nataka niseme vizuri jinsi ilivyokuwa, maana watu husema moyo uliuma, na mimi wangu haukuuma. Ulifanya ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Nilimaliza vipindi vyote. Nilirudi nyumbani, nikafungua mizani yangu, nikarudisha kamba ya katani kwa mama na mifuniko nikaitupa chooni, mmoja baada ya mwingine. Visoda nilivigawa kwa watoto wa jirani. Mkebe wa hisabati nilikuwa naubeba kila siku kwa sababu sare yangu ilikuwa na mfuko wa kuutosha, na sikujisikia chochote nilipouona.

Mama alikaa siku tatu bila kuniambia neno lisilohusu chakula. Siku ya nne, akiwa anapepeta mchele, alisema, si kwa ukali, kama anayezungumza na ungo, "Ungepima sabuni kama wenzako." Ndilo neno pekee alilowahi kulisema kuhusu jambo lile. Alilisema na likakaa. Mpaka leo nikikatiwa mche wa sabuni dukani hulisikia.

Baba hakusema lolote. Hilo ndilo sikuweza kulielewa. Nilingoja anichape, nilijua angenichapa akamaliza, tukarudi kama zamani. Badala yake aliniuliza kama nimefanya kazi za shule. Niliitikia nimefanya, na ilikuwa uongo, kwa sababu za Sayansi sikuzifanya tena.

Jumamosi moja alasiri Mwalimu Devota akaja nyumbani. Niliwahi jikoni nikajificha nyuma ya ukuta wa makuti, nikasikiliza. Alimwamkia baba, akakataa kiti mara mbili kabla ya kukaa. Sauti yake haikuwa ile ya darasani. Alisema kwao ni migomba na kahawa, habari za pamba hakuzijua, na kama angejua asingeipeleka kazi ile mbele ya watu. Alisema amekwenda kwa Bwana Masalu kumwombea, akapokelewa vizuri, akapewa soda, na ndiyo ikawa mwisho.

Baba akamjibu, "Mwalimu, mtoto amepima sawasawa. Usimbadilishie somo."

Nilimsikia vizuri. Nilidhani ni adabu, ile ya kumwambia mgeni chakula kipo wakati chungu kitupu. Mwalimu aliweka daftari langu juu ya kigoda, akaaga. Baba alilichukua akaingia nalo ndani, na tangu hapo sikuliona tena. Niliamini amelichoma moto, na nilimshukuru kimyakimya kwa hilo.

Kabla ya mvua za vuli tulifunga virago tukahamia Magu, kwa babu. Baba alilima mpunga. Pamba hakuilima hata mstari mmoja, ingawa ardhi ilikuwapo. Lakini kila msimu wakulima walikuja kumwomba aende nao kwa wanunuzi, asimame tu karibu na mizani wakati wao wanapimiwa. Alikwenda. Alisimama mikono nyuma, kalamu mfukoni, hasemi kitu isipokuwa namba ikitajwa vibaya. Niliona ni kichekesho, mtu aliyefukuzwa kwa mizani kuitwa kulinda mizani. Sikumwuliza. Tulikuwa watu wawili tunaoishi pamoja na jambo moja lililofunikwa, kila mmoja akilipita kwa upande wake, na tukazoea hivyo mpaka nikaenda sekondari, mpaka nikachagua masomo ya historia na lugha nikitoroka kila chumba chenye mizani, mpaka nikapata kazi ya kupanga majalada ofisini ambako hakuna kinachopimwa. Nilimpelekea sukari na dawa za presha. Tulizungumza habari za mvua.

Ndio sasa nije kwenye sanduku. Niliuacha mto juani, nikaketi sakafuni, nikafungua lile bati. Ndani mlikuwa na shati moja jeupe, kadi ya ushirika, kalamu tano za bluu zisizoandika, picha ya mama akiwa msichana, na chini kabisa, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa kwa kamba ya katani, lilikuwamo daftari langu la Sayansi. Jina langu liko juu yake, kwa mwandiko wa mtoto anayebonyeza penseli mno. Nilitaka kulirudisha. Nikalifungua kwa sababu nilikuwa peke yangu.

Jedwali lipo. Ukurasa una alama ya kidole cha grisi kwenye kona. Nilisoma namba zangu kushuka chini, arobaini na moja, thelathini na tisa, mpaka kwenye ile sentensi ya mwisho, na hapo nikaona. Sita yangu imekatwa. Imekatwa kwa mstari mmoja, mnyoofu, wa wino wa bluu, na bado inasomeka. Pembeni yake imeandikwa saba. Na pembeni ya saba, ndogo kabisa, ziko herufi mbili za jina la baba, kama alivyoziweka maisha yake yote kwenye vitabu vya ghala. Wino mwekundu wa Mwalimu haujagusa pale. Alama yake ya vema iko mbele ya saba, kwa maana aliikuta imeshaandikwa.

Kwa hiyo alisoma. Ile Jumapili, mimi nikiwa kwenye foleni ya maji, alisoma kila mstari. Alisoma Pamba iliyopozwa, kwa mwandiko wangu. Alijua daftari linakwenda kwa mtu mwingine. Angeweza kuuchana ukurasa, ningeambiwa nipime sabuni na nisingehoji. Angeweza kuacha sita yangu ilivyo, kwa kuwa kila kisoda kilichopungua pale kilikuwa maji aliyoyamwaga yeye, na sita ingemsitiri kidogo. Alitoa kalamu akapiga hesabu upya, akaniongezea moja, kisha akaandika jina lake lote chini, mahali pa sahihi ya mzazi.

Nilikaa nalo sana. Nilimwona anaitikia kwa kichwa kati ya wazazi. Nilimsikia akimwambia Mwalimu nimepima sawasawa. Miaka yote ile niliiishi kama mtoto aliyemchongea baba yake, na yeye alikuwa ameweka herufi zake hapo, kabla ya mtu mwingine yeyote, ili ijulikane ni nani aliyeandika saba. Nilisema "Baba" kwa sauti, chumbani, kama mjinga. Machozi yalipoanza kudondoka nililisogeza daftari pembeni, wino usilowe.